Michungwa ya Mama Imepona

Mamba,
10 Februari 1997

Mpendwa kaka Silvesta,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Majengo, wewe na wifi pamoja na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama kile kifua kimemwachia, na jana alienda kanisani kwa miguu yake.

Habari kubwa ni michungwa. Ile mitatu aliyoipanda Mama mwaka aliofariki Baba, uliyoikuta Agosti imekauka majani ukasema ikatwe tu, imepona. Miwili imejaa maua. Ule wa karibu na jiko umechipua upande mmoja.

Ulipoondoka, bwana shamba Optatus alipita hapa. Alichimba kidogo chini ya mti akakuta udongo mgumu kama sakafu. Akasema kosa ni fagio langu: naondoa majani yote, jua linapiga mizizi, udongo unabaki hauna cha kula. Akatuagiza tutandaze nyasi za mpunga na majani makavu kuzunguka kila mti, unene wa vidole vinne, ila shina tuliachie nafasi lisije likaoza.

Mvua zilipoanza, Mama alifunua nyasi akakuta nyuzi nyeupe zimetambaa kila mahali, na vijiuyoga. Alishtuka. Akasema miti imeshikwa na ugonjwa, tutoe zote tuchome. Nilimsihi angoje, nikakimbilia kwa Optatus. Alicheka, akaeleza kwamba hizo ni kuvu njema, zinaozesha nyasi ziwe chakula cha mti. Na kuna nyingine ndogo sana, hazionekani kwa macho, zinashikamana na mizizi na kuisaidia kunywa maji. Tukaziacha. Siku hizi ukichomeka kidole kinaingia chenyewe, na udongo ni mweusi, unanukia kama wa msituni.

Nyasi zenyewe alituletea jirani yetu Ngusa. Mikokoteni miwili, na samadi juu yake. Huyo huyo uliyemtukana mbele ya watu kwamba ng'ombe wake ndio wameharibu miti, na tangu hapo anawazungusha mbali kuwapeleka mtoni.

Sasa kaka, nikuambie kilichonikaa moyoni. Ng'ombe wa Ngusa hawakugusa miti ile. Ni mimi. Kila Jumamosi nilikuwa nachoma majani pale pale chini, na siku moja upepo ulizidi, moto ukababua mashina. Ulikuwa umeshasema nikishindwa kutunza nyumba utamchukua Mama akae kwenu. Niliogopa kubaki peke yangu, nikamsingizia jirani.

Juzi nilimwendea nikamweleza yote, mkewe Monika akiwepo. Ngusa akasema, "Nilijua tangu siku ile, dada. Niliona gome limeungua. Nilikuwa nakusubiri wewe useme."

Nililia mpaka Monika akanishika mkono. Mama naye nimemwambia. Hakunisemesha kutwa nzima, jioni akaniita tule.

Nisamehe, kaka. Ukinikasirikia nitapokea, lakini nakuomba umwandikie Ngusa kwa mkono wako mwenyewe. Mimi nimeshapumua, sikujua uongo mmoja unaweza kumchosha mtu namna ile.

Mama anawasalimu nyie wote, na anauliza kama Mercy ameanza shule. Mungu awatunze.

Mdogo wako,
Generosa