Mguu Uliosubiri Breki Ijikanyage

Jumapili, saa nane mchana, Lisekese, Masasi. Mawingu yamefunga tangu tulipotoka kanisani lakini hayanyeshi, yamenuna tu. Na mimi nimenuna.

Leo sina salamu. Nina hasira, na hasira yenyewe ina magurudumu manne.

Kwa asiyenijua, mimi ni dereva. Sisemi najua kuendesha, maana hata mwenye mkokoteni anaendesha. Nasema dereva. Shule yangu iliishia darasa la sita, la saba nililipita kwa nje nikiwa juu ya lori, lakini mteremko wa kutoka Newala hakuna wa kunifundisha. Msimu mmoja wa korosho nyingi breki zilinifia kona ya kwanza tu, magunia yamejaa mpaka juu. Nililishusha lile lori kwa gia na kwa kulisemesha, likafika chini limetulia kama bibi harusi. Mara nyingine, njia ya kuelekea Ruvuma, simba alilala katikati ya barabara. Nilisimama karibu naye kiasi kwamba pumzi yake ilitia ukungu kwenye taa yangu ya kulia. Utingo wangu angethibitisha, bahati mbaya alihamia Songea.

Mtu kama huyo tangu lini afundishwe kusimama na kioo?

Nieleze. Stela ni mtoto wa dada yangu, anafundisha Dodoma, na ndiye aliyenifungulia ukurasa huu ili nipunguze kuwachosha watu kijiweni. Mwaka huu alinunua gari lililotumika Japani, akalileta huku kwa ajili ya mama yake. Mama Stela anakaa Newala, mguu wake wa kushoto una kidonda kisichotaka kupona, na kila Jumanne anatakiwa kliniki Masasi. Funguo nilikabidhiwa mimi. Kwetu watoto wa dada ni wa mjomba, na mzigo wa dada ni wa mjomba vilevile.

Muuzaji kule Dar es Salaam alimwapia Stela kwamba gari hili lina breki ya kujikanyaga yenyewe. Likiona kitu mbele linasimama, hata dereva akisinzia. Hayo ndiyo maneno yake, hata akisinzia. Kitabu cha maelezo kilikuja nalo, kinene kama Biblia, Kijapani mwanzo mwisho.

Sikuamini. Nikapanga maboksi matupu mbele ya duka la jirani, nikalielekeza gari, nikaondoa mguu. Likalia pii pii pii, likajigandamiza chini, likasimama. Watu wakapiga makofi. Kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza kama linaweza pia kunikatalia pombe.

Tangu siku hiyo, nakiri, nilivimba. Nilisimulia mpaka Chidya. Nilisema gari linanijua, linasoma mawazo. Na kwa kuwa gari la heshima haliendi bila jina, nikaenda mjini kwa mbandika stika, nikaagiza utepe mpana wa kioo cha mbele, juu, kutoka mlango hadi mlango: MJOMBA HASHINDWI. Ulipokwisha kubandikwa, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi na maandishi yao ya Kijapani. Abiria wakiniuliza, nawaambia hiyo ni taa ya utayari. Breki iko macho.

Jumanne iliyopita tunashuka na dada kwenda kliniki. Yeye nyuma, mguu ameunyoosha juu ya kiti. Tumefika Chiungutwa, kwenye kipande cha vumbi, lori limetutangulia na kuacha wingu lote barabarani. Ndani ya lile wingu akatokea mzee anasukuma baiskeli yenye gunia la muhogo, anakatiza.

Nilimwona.

Naandika hili polepole maana sijalisema popote. Nilimwona vizuri, na mapema. Nikangoja pii pii. Mguu ulikuwa hapo hapo, juu ya breki, umening'inia, unangoja gari lifanye yake. Halikulia. Nilipokuja kukanyaga, bampa tayari lilikuwa limeikumba baiskeli gurudumu la nyuma. Mzee akaenda chini, muhogo ukatapakaa. Nyuma nikamsikia dada amelia mara moja tu, "Yesu!" Alikuwa ameporomoka kutoka kwenye kiti, na kile kidonda kimejigonga kwenye chuma.

Yule mzee, mwalimu mstaafu wa pale pale, aliinuka mwenyewe, kiwiko kinavuja damu. Akajikung'uta vumbi, akaja dirishani kwangu.

"Wewe bwana, breki huna?"

"Shikamoo, Mwalimu. Ninayo. Inajikanyaga yenyewe."

"Marahaba. Na wewe ulikuwa unakanyaga nini?"

Nikashuka. Nikaokota muhogo mpaka wa mwisho. Nikampeleka kliniki pamoja na dada, wakaoshwa vidonda benchi moja. Wakajuana kuwa ni ndugu wa kanisani. Wakanisema mbele yangu kama sipo.

Ijumaa likakaa baraza la ukoo uani kwa dada, Newala. Kwetu likitokea jambo, anayekalia kiti na kukata shauri ni mjomba. Mjomba ni mimi. Sasa fikiria mwenyewe: mshitakiwa ndiye hakimu, na shahidi mwingine ni gari.

Nilikata. Nilinguruma, tena vizuri, mpaka kuku wakahama. Nikasema gari lina breki ya uongo, Wajapani wametutupia mabovu yao, muuzaji ni mnafiki, na kuanzia siku hiyo Mama Stela asilipande tena. Wote wakaitikia, mjomba amesema. Shauri likafungwa. Dada peke yake hakuitikia. Alikuwa anafunga upya bendeji.

Jana nikalipeleka gari kwa fundi Masasi ang'oe huo mtambo. Fundi hakushika hata spana. Alisimama mbele ya kioo, akasoma jina la gari, akacheka peke yake. Akachukua wembe, akakata herufi H ya HASHINDWI na kuibandua. Nyuma ya ile herufi, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, kuna kijicho cha kamera kama mbegu ya mpapai.

"Mjomba," akasema, "umelifunga jicho, halafu unalidai lione."

Ile taa ya njano ikazimika palepale. Kumbe siku zote ilikuwa inaniambia sioni, sioni, na mimi nawatafsiria watu.

Hasira yangu haikuisha kwa hapo, na nasimama nayo. Nilimuuliza fundi: jicho likiwa wazi, yule Mwalimu lingemwona? Akasema labda. Kwenye vumbi zito, mvua kubwa, jua likikupiga usoni, au mtu anapokatiza na mzigo uliompotezea umbo, linaweza lisione. Na siku nyingine linaweza kuona kichaka kwenye kona, likadhani ni gari na kukusimamisha bila sababu wakati lori liko mgongoni. Kazi yake ni kumsaidia dereva aliyechelewa kidogo. Si kushika zamu.

Sasa hicho ni kitu cha kumwambia mtu asinzie? Muuzaji anayajua haya? Kama anayajua, kwa nini aliyameza? Kama hayajui, anauza nini? Na taa ya kulinda uhai wa watu, inakujaje mpaka huku Umakondeni kwa lugha asiyoisoma hata mkuu wa wilaya? Pakiti ya dawa ya panya ina Kiswahili! Ina hata picha ya fuvu! Gari la tani nzima linakuja bubu.

Nimeyasema hayo kwa kila mtu tangu jana. Wamekubali wote. Nimeshinda mjadala kijiweni, nimeshinda mjadala kanisani nje.

Lakini ile siku mimi sikuwa nasinzia. Macho yangu hayakubandikwa utepe.

Mguu wangu ulisubiri.

Miaka yote ya malori mabovu, nisingesubiri. Yale magari yalikuwa hayana la kunisaidia, kwa hiyo nilikuwa macho kama paa. Hili limekuja na msaada, nikauvua udereva wangu nikalivisha lenyewe. Nimewadanganya ndugu zangu Ijumaa, si kwa neno, maana gari kweli halikusimama. Nimewadanganya kwa kile nilichokiruka.

Na keshokutwa ni Jumanne. Kwa hukumu yangu mimi, dada yangu amekwisha kupatana na bodaboda ampeleke stendi, kisha apande basi. Atapandishwa pikipiki kwa kukanyagia stuli, na kidonda kile, kwa sababu mjomba amesema.

Neno la mjomba likishatoka huwa halirudi. Marehemu mjomba wangu aliwahi kukosea mpaka wa shamba mbele ya watu wote, na mpaka ukakaa hivyo hivyo hadi leo, na korosho za watu zinaangukia kwa jirani. Nani alirudisha? Hakuna. Nitakuwa wa kwanza, na watanicheka mpaka Tandahimba.

Nimeacha kuandika hapa, nimempigia dada.

Nilimweleza yote, utepe, taa, mpaka ule mguu ulioning'inia. Nikamwambia nitapanda Newala kesho, niwaite wote walewale, nikae chini kwenye mkeka na si kwenye kiti, niyaseme tena. Nikamwambia jicho la gari limefunguliwa, ila nitaliendesha kama vile halina jicho. Kisha nikangoja. Nikasikia anaivuta stuli, anakaa.

"Baba Fausta," akasema mwishowe, "nilikuwa nyuma yako. Nilimwona yule Mwalimu kabla hujamgonga. Nikasema moyoni, ndugu yangu ni dereva, atasimama."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Jumanne njoo saa kumi na mbili asubuhi. Nitakaa mbele."

Nikamwambia mbele hakuna nafasi ya kuunyoosha mguu wake.

"Haidhuru wangu," akasema. "Nataka niuone wako."