Yule wa Mluzi

Baba,

Leo ni Jumapili. Mama ameenda kanisani, nami nilimwambia nina kazi ya shule. Si kweli. Nimebaki nikuandikie.

Mama sasa anafua nguo za watu Buruburu siku nne kwa wiki, na mikono yake imepasuka. Ovaroli yako ya kiwandani bado inaning'inia nyuma ya mlango; hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuitoa. Hapa mtaani Ziwani asubuhi zimekuwa kimya. Majirani walizoea kukusikia mferejini ukipiga ule mluzi mmoja mrefu, unaoshuka polepole, wa ndege wako. Yule rafiki yako muuza nyama wa soko la Burma alituletea matumbo tuliporudi kutoka mazishini. Alitaka kutuchekesha, akaanza utani wake: "Baba Mercy, huyo ndege umemtafuta miaka yote, si uje nikuuzie..." Hakufika kwenye neno "kuku". Alilia mbele yetu, mtu mkubwa vile.

Baba, nimemwona.

Najua ungeuliza wapi, saa ngapi, kwa mwangaza gani. Nitakueleza kwa utaratibu, kama ulivyonifundisha.

Tulikuzika Ijumaa nyumbani Kakamega, upande wa shamba unaotazama msitu. Siku ya tatu tukanyolewa nywele kama ilivyo desturi ya msiba, mimi na Mama na dada yako, Shangazi Rasoa. Sikulia kaburini, wala wakati wa kunyolewa. Watu walisema nina moyo mgumu. Jioni ile niliketi jikoni kwa Shangazi nikimsomea daftari lako la ndege. Nilipofika kwenye mstari ulioandika tu "yule wa mluzi", ukaacha nafasi ya tarehe, nikampigia ule mluzi. Mwiko ukasimama ndani ya ugali.

"Huyo? Huyo mbona namwona kila nikienda kuokota kuni!"

Kila Krismasi, Baba, siku zako mbili za likizo uliingia msituni peke yako na darubini, ukatazama juu kwenye matawi hadi shingo ikakuuma. Dada yako alikuwa jikoni. Hukumuuliza hata mara moja, kwa kuwa kuni ni kazi ya wanawake na ndege walikuwa kazi yako. Yeye naye hakujua unatafuta nini. "Nilidhani ni mizinga ya nyuki," alisema.

Jumatatu alfajiri tukaingia, siku moja kabla ya kurudi Nairobi. Aliniambia nichomeke suruali ndani ya soksi, nami nikavuta juu soksi zangu za shule. Hakutafuta ndege. Alitafuta siafu. Alitembea akitazama chini mpaka tukawakuta wametapakaa chini ya vichaka, mahali ambapo jua halifiki, na wadudu wadogo wakikimbia mbele yao.

"Simama hapo," alininong'oneza. "Yeye anakuja kula hao wanaokimbia. Na ukiumwa usirukeruke, mtoto wa Nairobi."

Niliumwa. Walipita juu ya soksi, wakapenya kwenye mshono wa suruali, mmoja kwenye goti, wengine pajani. Nilijua nikijikung'uta hatakuja, na kesho yake tunasafiri. Machozi yakaanza. Mwanzoni yalikuwa ya siafu. Halafu hayakuwa ya siafu tena. Nililia bila sauti, nimesimama wima, Shangazi amenishika kiwiko.

Ndipo akatoka. Ni mdogo kuliko nilivyodhani. Mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, miguu mirefu iliyopauka. Alirukia gogo, akamnasa panzi, akatugeuzia kichwa. Nilihesabu hadi sita. Akarudi kwenye majani, na kutoka humo humo ukaja mluzi wako.

Nimekasirika, nisikufiche. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Ulikufa kwa ugonjwa wa kifua kabla sijamaliza shule, na kitu ulichokitafuta tangu ujana wako kilikuwa swali moja tu mbali nawe, jikoni, kwa mtu aliyekupenda.

Mama anataka nijaze ile nafasi ya tarehe. "Andika, Mercy, apumzike." Nilishika kalamu. Lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu huandika tarehe ya ndege aliyemwona kwa macho yake, na wewe hukumwona. Nikaifunika kalamu. Kuiacha nafasi yako wazi kuliniuma kuliko siafu. Mimi nimemwandika kwenye daftari langu, nikaweka na jina la Shangazi, kwa sababu ndiye aliyenionyesha.

Desemba atanipeleka tena. Anasema wako ndege wengine anaowajua kwa majina ya lugha ya nyumbani, ambao hata kwenye daftari lako hawamo.

Lala, Baba. Kule ulipo umezungukwa na sauti zao, na hilo hunituliza kidogo. Nakuahidi jambo moja: nitauliza. Nitawauliza walio karibu nami, hata yale ninayodhani hawayajui, wakiwa bado wapo wa kunijibu. Jana nimeanza. Nilimuuliza Mama ule wimbo anaouimba akifua aliutoa wapi. Alijifuta povu mikononi, akakaa chini anieleze.

Binti yako,
Mercy