Leta Mfupa Kwanza

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kabla ya yote kwa sababu najua umeninunia, na aliyenuna huamkiwa kwanza. Goti linaendeleaje? Na mumeo, bado anabishana na daktari kuhusu chumvi? Watoto nasikia wote wamenipita kimo. Waambie si wao wanaorefuka, ni mjomba wao anayefupika. Na Mama je, bado anasema sauti yangu kwenye simu ni ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naenda kazini. Hayo ndiyo unayoniuliza kila mara, basi nimeyajibu.

Bahasha yako ilifika zamani. Hati ya kiapo niliisoma nimesimama mlangoni, funguo bado mkononi: kwamba mimi, ndugu wa damu wa huyu aliyepotea, tangu alipoondoka sijamwona wala kupata habari zake, na kwamba naamini amefariki. Sahihi yako iko juu, safi kama ya mwalimu mkuu. Nafasi yangu iko chini. Kila ulipopiga simu nilikuwa na sababu: niko safarini, chaji imekwisha, hati imebaki ofisini. Mara ya mwisho ukaniambia kwamba hata mtoto wa chekechea anadanganya vizuri kuliko mimi. Ni kweli, na ndiyo maana naandika. Kwenye simu ukinyamaza kidogo tu mimi hubabaika, naanza kusema chochote ili usikate.

Najua unachotaka na sikulaumu hata chembe. Shemeji amekaa miaka sita tangu mdogo wetu apotee, si mke si mjane. Yule mwalimu anayetaka kumwoa amesubiri kwa adabu hadi watu wanamcheka. Mama naye ana friji bovu jikoni ambalo hamruhusu fundi yeyote kuligusa, eti mwanawe mwenyewe atakuja kulitengeneza, na humo ndani anaweka mashuka. Ulisema asiyekuwepo na lake halipo, na kwamba Mama akipewa siku ya kulia atalia, kisha atalala. Nilikubaliana nawe kwenye simu. Nilikuwa nakubaliana nawe kweli.

Lakini ili unielewe lazima nikueleze kazi yangu, ambayo hujawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kukueleza kwa sababu naona haya. Nyumbani mnasema nafundisha wanyama. Sifundishi. Hapa idarani nina chumba mwisho wa ukumbi, kilichopakana na ghala la vielelezo, ambako ndege waliokaushwa wamelala chali kwenye droo na nyoka wako kwenye mitungi ya spiriti. Harufu yake imeingia kwenye makoti yangu hadi mama mwenye nyumba akaniuliza kama nakunywa. Kazi yangu ni wanyama ambao hawajathibitishwa. Mtu akiona kitu asichokijua, akiwa na moyo wa kutosha kuandika au kupiga simu, habari zake huletwa kwangu. Wenzangu wanakiita chumba changu ofisi ya mazimwi. Wakipita hubisha mlango wakauliza kama zimwi limeshafika kazini, na mimi hujibu kwamba ndilo linaloongea. Tunacheka. Kisha wao hurudi kwenye vyumba vyenye watu, na mimi nakaa.

Naenda kule ninakoitwa nikiwa na kamera za kutega, plasta ya kuchukulia nyayo, na mifuko midogo ya kutilia nywele. Kamera nazifunga kwenye miti, naziacha, narudi baada ya wiki kadhaa. Ninazo picha nyingi sana za ng'ombe, Dada. Ninazo picha za mbwa, za paka, za nguchiro, na moja ya mchungaji anayejisaidia, ambayo niliifuta kwa heshima yake. Kati ya yote niliyoitiwa, hakuna hata mnyama mmoja aliyekuwa mpya.

Profesa wetu si mtu mbaya. Huniita mara moja moja akaniambia yaleyale kwa upole, kwamba elimu ya wanyama huanza na mwili: ngozi, fuvu, mfupa uliowekwa kabatini wenye namba yake, ili mtu asiyekuamini aje aupime mwenyewe bila kukuuliza wewe ni nani. Mimi naanza na hadithi. Nilimwambia kwamba watu wa misitu ya Kongo walimjua okapi kabla wasomi hawajamkubali, na kwamba lisemwalo lipo. Akacheka, akaniuliza wasomi walimkubali kwa sababu ya nini kama si ngozi na mafuvu, na ni hadithi ngapi zilizosemwa ambazo hazikuleta hata unyoya. Kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau. Alisema, "Nitajie jambo moja tu likikupata utasema mnyama huyu hayupo." Kamera zikitoka tupu mimi husema yuko bondeni; bonde likiwa tupu husema amehama. Akasema, "Basi hiyo si sayansi, ndugu yangu. Hayo ni matumaini." Na Dada, hukuwahi kukaa na Profesa hata siku moja, lakini uliniuliza lilelile kwenye simu: nasubiri nini hasa ndipo nikubali.

Kwa hiyo usidhani nachelewesha kwa sababu ya ukaidi. Nilikwisha kuamua kutia sahihi. Niliichukua hati nikaiweka kwenye mkoba, nikapanga niipeleke kwa mwanasheria wa chuo nikirudi kutoka safari moja fupi. Ilikuwa safari ya kwenda kwa mama mmoja mwenye mashine ya kusaga nafaka, katika mji mdogo ambao hakuna anayeshuka ila mwenye shida.

Mama huyo alikuwa ameona kitu nyuma ya mashine yake: kikubwa kama ndama, hakina manyoya, ngozi ya kijivu, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma. Alinisimulia huku unga umemjaa kwenye nyusi. Nilimuuliza maswali yangu ya kawaida: palikuwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, aliwahi kusikia habari za mnyama kama huyo kabla. Hayo yote aliyajibu vizuri. Swali la mwisho ni langu mwenyewe, nimeliongeza mimi kwenye fomu: ulikuwa unatamani kumwona? Anayesema ndiyo, ushahidi wake naushusha daraja, kwa sababu macho ya mwenye hamu huona haraka. Yeye alisema hapana, alikuwa anatamani kulala. Kwenye waya wa ua nilipata nywele chache, na hata kabla ya maabara nilijua. Fisi akipata ukurutu manyoya humtoka yote, akabaki kiumbe ambaye hata fisi wenzake huenda wanamkataa. Nilimweleza. Nilidhani atafurahi.

Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto aliyemwaga maziwa. "Fisi nawajua tangu sijaota meno," akasema. "Wewe ulikuwepo?" Nikasema sikuwepo. Akarudi kwenye mashine yake, akaiwasha, na kwa kelele zile hapakuwa na mazungumzo tena. Maabara baadaye ilisema ni fisi. Nilikuwa sahihi, naye hakuwa anadanganya, na tuliachana hivyo.

Nilikwenda stendi kusubiri gari. Ng'ambo ya barabara palikuwa na karakana ya friji, chumba kimoja chenye mafriji makuukuu yaliyopangwa nje. Fundi alikuwa ameinama nyuma ya moja, namwona mgongo tu. Akachukua bisibisi, akagonga kompresa kwa mpini, taratibu, kisha akaliweka sikio lake pale na kufumba macho. Unakumbuka nani alikuwa akifanya hivyo, na sisi tukimtania kwamba anasubiri friji limjibu. Nikajisemea kwamba mafundi wote hugonga. Nikajisemea kwamba mgongo si mtu. Kisha nikaita jina lake la utani, kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo: "Chiriku!"

Dada, aliinua kichwa. Amekonda, na nywele zimeanza mvi hapa kwenye panja kama za marehemu Baba. Alinitazama. Hakutazama huku na huku kama mtu anayetafuta nani ameita. Alinitazama mimi. Kisha akaiweka bisibisi juu ya friji, polepole, akaingia ndani.

Sasa nifike nilipotaka kufika. Kamera ilikuwa begani mwangu. Miaka yote hii nafunga kamera kwenye miti nikiwasubiri wanyama wasiokuja, na siku ile aliyekuja alikuwa hatua chache tu kutoka nilipo, mwanga wa mchana, na sikuitoa. Barabara sikuivuka. Nilisimama pale stendi gari likaja likaondoka. Niliogopa. Niliogopa kwamba nikiingia nitamkuta mtu baki, na hapo Chiriku atakuwa amekufa kweli. Na niliogopa zaidi kwamba nitamkuta yeye, na ataniambia niondoke. Nilipanda gari la mwisho, nikalia njiani hadi abiria mwenzangu akanipa leso bila kuniuliza kitu.

Wiki iliyofuata nikarudi. Mwenye karakana aliniambia fundi huyo aliondoka siku ileile niliyopita, akaacha hata vifaa vyake. Nilimuuliza anaitwaje, akanitajia jina nisilolijua. Nilimuuliza ni mtu wa namna gani. "Mtu mwema," akasema, "ila haongei. Kutwa nzima unaweza usimsikie." Chiriku wetu, aliyekuwa akiongea hata akipiga mswaki! Lakini kumbuka mwaka ule wa mwisho kabla hajatoka kwenda kununua gesi ya friji asirudi. Alikuwa ameacha kuongea. Tulicheka tukasema amekua.

Nimejipa fomu yangu mwenyewe. Umbali: upana wa barabara. Mwanga: mzuri. Niliwahi kusikia habari zake: miaka sita sijasikia kingine. Nilikuwa natamani kumwona? Hapo fomu inakwisha. Mtu yeyote angeniletea habari kama hii ningemshukuru, ningemkaribisha chai, ningemwambia leta mfupa kwanza. Picha sina, unywele sina, na jina si lake. Mbele ya Profesa sina kitu. Mama yule wa mashine alikuwa na hakika kuliko mimi, na alikuwa amekosea. Lakini nakwambia wewe dada yangu, uliyetulea sote wawili mgongoni, kwamba nilimwona mdogo wetu, yuko hai. Nakuomba uniamini hivyo hivyo, mikono mitupu.

Hati nairudisha kwenye bahasha hii bila sahihi. Siwezi kuapa kwamba sijamwona. Na shemeji asiendelee kufungwa kwa sababu ya macho yangu: nimemuuliza mwanasheria, anasema mke aliyetelekezwa anaweza kuiomba mahakama ivunje ndoa, bila kumzika mtu. Njia hiyo ni ndefu kidogo na ina maneno ya watu. Nitasimama mimi shahidi. Nitasema alimwacha, na kwamba yeye hana kosa. Mwambie pole nyingi, mwambie huyo mwalimu avumilie, na uniombee samahani kwake kwamba nilimnyima ujane, maana ujane una heshima kuliko kuachwa.

Kuhusu Mama, najua utakasirika. Wewe ulikuwa umemwandalia msiba, na msiba una mwisho wake: watu huja, hulia, huondoka. Mimi namletea mtoto aliye hai ambaye hataki kurudi. Nimewaza nimfiche. Naishi peke yangu, Dada, na nimezoea kukaa na vitu visivyoonekana. Ningeweza kukaa na hiki pia. Lakini nimechoka. Na si changu peke yangu.

Kwa hiyo nakuja Jumamosi. Usimwambie lolote, sema tu nimepata likizo. Nitamweleza mwenyewe, tukiwa wawili. Hataniuliza ushahidi. Mama ataniuliza jambo moja tu, kama mwanawe aliniona. Nami nitamwambia ndiyo, Mama, aliniona.

Nisalimie mumeo na watoto. Usilipandishe goti ngazi kwa ajili yangu, nitalala sebuleni. Na ukiwa bado umenuna nitakapofika, nuna, lakini unifungulie mlango.

Ni mimi mdogo wako,
yule wa katikati