Fremu Inayonitosha

Baba, shikamoo.

Huku hatujambo. Mama ameanza tena kushona sare, na bati la jikoni limeacha kuvuja.

Uliniandikia nisinunue baiskeli ya mbio ya kampuni isiyojulikana, ukaniagizia nyingine dukani, yenye jina kubwa. Samahani, nimenunua hiyo hiyo isiyojulikana. Fundi alinipima mguu kwa futi kamba, akasema, "Binti, fremu ikutoshe kwanza, jina baadaye." Bei ni nafuu, gia ni laini, na kwenye mashindano ya Jumapili nimemaliza wa tatu.

Ile yako nakurudishia. Magoti yalikuwa yanagonga usukani. Nikadhani duka limekosea, nikawapigia simu. Wakanisomea ulichowaandikia mwenyewe: binti yangu, miaka kumi, na kimo chake hadi nusu sentimita. Mimi nina kumi na tisa, Baba.

Mama anakutetea, ati una mambo mengi. Mimi nadhani ulipoulizwa kimo cha binti yako, ulimsimamisha ukutani yule mdogo unayeishi naye huko, ukampima.

Mpe yeye. Itamtosha.

Ni mimi, mwanao wa kwanza.