Kunguru wa Khalati Mwanakheri

Barke, uko? Natoka kwa khalati Mwanakheri, nduguye mama, sasa hivi.

Wale watu wa kupunguza kunguru walifika Timbwani, wakamwomba wawatege kwa nyama ya sumu uani kwake. Wakamweleza kunguru hawa ni wageni, wanamaliza mayai na makinda ya ndege wetu. Khalati akasema, "Nayajua hayo. Hata vifaranga vyangu wamekula wao." Akakubali mwenyewe, wallahi!

Kumbe tangu mumewe afariki, kila asubuhi huwarushia kunguru haohao makombo ya mkate! Hakumwambia mtu.

Leo nimemkuta kibarazani, anatazama maiti zao zikiokotwa na kutiwa guniani. Sahani ya makombo iko mapajani.

Nikamuuliza, "Khalati, wajuta?"

"La. Ilipasa. Chiriku watarudi inshallah." Akaigusa ile sahani. "Ila hao walikuwa wakija kila siku, mwanangu."

Kila siku, Barke! Ndivyo alivyosema.

Nikamwambia, "Wallahi kesho nitakuja."

Akacheka kidogo, akanishika mkono. "Njoo. Lakini usiape."