Albamu ya Uzeeni ya Kaka Nyundo

Nyumbani, chumba cha chini,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi huko mbali uliko. Goti linaendeleaje? Na Shemeji, ameacha kukoroma au ni wewe uliyezoea? Sisi huku wazima, ila jino langu la mbele limeng'oka, kwa hiyo siku hizi nacheka huku nimefunika mdomo.

Sasa lile ulilonituma. Ulitaka nimwendee Kaka Nyundo, nimwambie aache kupiga dramu kabla bendi yao haijarekodi albamu nyingine, asije akatuaibisha. Ulisema mtu asiyesikia hata kengele ya mlango atapigaje muziki, nami nilikubaliana nawe kabisa. Panki ni muziki wa vijana, mbio na kelele tupu, na wale wote wameota mvi. Kinyozi, mpiga gitaa la besi, ana wajukuu. Mwalimu, mwimbaji wao, amestaafu zamani. Nikajisemea, uzee na panki wapi na wapi.

Niliwakuta kwenye studio iliyobandikwa magodoro ukutani, wakibishana juu ya vidonge vya presha. Kaka alikuwa amekaa nyuma ya dramu zake, miguu peku. Kabla sijamvuta pembeni, fundi mitambo akanifanyia ishara nikae kimya. Hawa watu hawarekodi kipande kipande kama wenzao, Dada. Wanapiga wote kwa pamoja, na wimbo ukikosewa unarudiwa tangu mwanzo.

Kinyozi akakanyaga sakafu ya mbao kwa kisigino mara nne, na Kaka akaanza. Kumbe anaufuata wimbo kwa nyayo! Zamani alikuwa anapiga chochote kilicho mbele yake. Sasa anaacha nafasi, anasubiri, halafu pigo linakuingia kifuani. Mwalimu naye aliimba juu ya kodi ya nyumba na marafiki waliozikwa, kwa hasira ileile ya ujana, ila sasa anajua anamkasirikia nani. Nilibaki kinywa wazi, pengo langu nje, wala sikukumbuka kulifunika.

Wimbo wa mwisho ulipoisha, Kaka hakujua. Kinyozi ndiye humpa ishara, lakini mguu ulimkaza akawa ameinama kuukanda. Kaka akaendelea kupiga peke yake, macho ameyafumba. Nikasema aibu uliyoiogopa ndiyo hii imefika. Hakuna aliyemzuia. Mwalimu alivua miwani akafuta machozi. Kaka alipofumbua macho akatuona tumesimama tunamtazama, akacheka, akauliza wimbo uliisha lini. Wakakubaliana wote kipande kile kibaki kwenye albamu kama kilivyo.

Baadaye nilimwuliza kwa ishara habari ya kile kisigino. Akanijibu kwa sauti yake ya juu, unajua tena haisikii sauti yake mwenyewe:

"Hukumbuki? Tulikuwa tunafanya mazoezi chumba cha chini, dada anakanyaga sakafu huko juu tunyamaze. Hatukunyamaza ng'o. Tulikuwa tunaanza naye. Mpaka leo naanza naye."

Dada, sikumwambia ulichonituma. Ningeanzia wapi?

Albamu imeshatoka, nakutumia yenyewe. Usihangaike kuongeza sauti. Weka spika sakafuni, vua viatu, usimame karibu. Kabla gitaa halijalia, kuna kishindo cha mtu mwenye hasira akiwaambia vijana wanyamaze. Ulinituma nikamzime, na wewe ndiye unayemwasha.

Nisalimie Shemeji na mabinti, na jirani yako yule mpenda umbea. Shangazi anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mungu akupe afya, na hilo goti alitazame kwa jicho la huruma, maana tunalihitaji.

Ni mimi nikupendaye, pengo na yote,
Kitindamimba wenu