Mti Mkavu wa Bundi

Mama yangu mpendwa,

Mvua zimeanza huku kambini Dzaleka na leo nimeshinda nyuma ya nyumba yetu, kwenye bustani yako. Naanza na neno gumu nisije nikalikwepa: ule mti mkavu ambao wewe ulinisihi nisiukate, niliukata. Siku ya tatu ya matanga yako, udongo wa kaburi haujakauka bado. Kwa nini niliukata, sikumwambia mtu yeyote mpaka Jumapili iliyopita.

Unakumbuka tulivyogombana juu ya bustani hii? Majirani wote wanafagia viwanja vyao mpaka vinang'aa, halafu sisi tunakaa ndani ya majani kama watu waliohama. Mboga ya lenga-lenga, ule mchicha wetu, uliiacha ikomae mpaka ikatoa mbegu. Nilipokuambia tuichume yote, ulinijibu, "Mistari mbili ni ya ndege. Nabo iko na njala." Kwenye kona ulirundika matawi ili vyura wapate pa kulala, na asubuhi uliwashukuru kwa Kichewa, "Zikomo, zikomo," kwa sababu walikula wadudu wa kabichi. Mi nilikuwa naona haya. Wateja wangu wa cherehani walikuwa wanapita pale pale, mama!

Na zile safari za Lilongwe! Tunaenda kununua uzi na zipu, tunamaliza saa nne, kumbe kwako safari njo inaanza. Tulizunguka mtaa mzima wa Area 47 ukiokota matawi yaliyokatwa kwenye nyua za watu na kutupwa nje. Mlinzi mmoja alikucheka, akasema hizo ni takataka. "Kwako takataka, kwangu bustani," ulimwambia, ukaendelea kuchagua yale ya maua mekundu. Tuliposhuka basi barabarani, kijana wa kabaza akatazama mzigo, akasema baiskeli yake si lori. Mwishowe alibeba matawi, na sisi wawili tukatembea nyuma yake hadi nyumbani. Nilinuna njia yote. Uliyapanda, na msimu wa pili maua yalitoka, wakaja wale ndege wadogo wa mdomo mrefu, ukaniita nije kuona. Sikuja. Nilisema nina gauni la bibi harusi la kumaliza.

Mti ule ulipokauka, watu walianza kuja kuomba kuni. Hapa kambini kuni ni shida, na wewe unaacha mti mzima umesimama bure. Kisha bundi akaingia kwenye shimo la mti huo, na hapo hakuna aliyeomba kuni tena. Walianza kunong'ona. Wamama wa kikundi cha maombi walikuja kukuonya kwamba huyo ni ndege wa wachawi. Uliwapa viti, ukawapa chai, ukawaambia, "Huyu ni mufanyakazi wangu. Anakula panya, hakuli nsima yangu." Walikasirika, lakini chai walimaliza. Na ni kweli, miaka ile viazi vyetu vilikaa chini ya kitanda bila hata kimoja kuguswa.

Ulipolala kitandani mara ya mwisho, kabla sauti haijakuacha, ulinishika mkono. "Muti muuache. Unasikia?" Nilisema ndiyo, nimesikia.

Siku ya tatu ya matanga, jioni, bundi alitoka shimoni akapita juu ya vichwa vya watu. Kiongozi wa maombi akasema kwa sauti, "Njo huyo alimuita marehemu." Watu wote wakanitazama. Hakuna aliyenilazimisha, mama. Nilichukua shoka mwenyewe. Mti ulipoanguka, niliona mayai matatu yamepasuka shimoni, nikayafunika na udongo kabla wengine hawajasogea. Maharage ya matanga tuliyapika na kuni zile zile. Yaliiva upesi, na watu walisifu.

Haikupita miezi miwili panya wakaingia. Walikula viazi, wakala mbegu za mahindi, wakatoboa vitambaa vya wateja. Nilijua ni kwa nini. Lakini kusema nimekosa ilikuwa ngumu, basi nikanunua sumu, nikaendelea.

Sasa sikia kilichotokea. Mwezi huu bundi mwingine ameonekana juu ya paa la Mama Rehema, yule mjane jirani yetu aliyekuosha siku uliyofariki. Wamama wakaanza kusema yeye njo mwenye bundi, yeye njo alikutumia ndege huyo. Wakamtoa kwenye kwaya. Watu wakaacha kununua mboga yake ya sombe. Alikuja kwangu analia. "We uliishi na mama yako. Sema kitu, mwanangu, watanifukuza hapa." Nilimwambia tutaona. Niliogopa wataniunganisha naye. Wewe unajua neno la mchawi likishatajwa kwako, halitoki.

Jumapili, baada ya ibada, kiongozi alisimama kuomba kanisa liende kwa Mama Rehema kubomoa paa. Akasema mimi ni shahidi, niliukata mti kwa imani. Nikasimama. Nilishika benchi ya mbele, mama.

Nikawaambia wote: bundi hakumuua mama yangu, wala Mama Rehema hakumuua. Mama aliuawa na presha. Ijumaa aliniambia kichwa kinamuuma na jicho moja halioni vizuri, akaniomba nimpeleke hospitali. Nilikuwa na sare za kwaya kumi na mbili za kumaliza. Nilimwambia, tungoje Jumatatu. Jumatatu alikuwa hawezi kusema, na jioni akafa. Mliposema ni bundi, nilifurahi. Njo maana nilikata mti ule.

Wengine walitoka bila kunisalimia, na wiki hii wateja wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao bila kushonewa. Paa la Mama Rehema halikubomolewa.

Uliniambia ule mti niuache, mama, na neno la hospitali hukulirudia hata mara moja. Hukunilaumu. Ungenilaumu, labda ningelia siku ile ile. Kanisa limeshasikia, sasa sikia na wewe. Bundi hana kosa. Ni mimi nilisema tungoje. Nisamehe.

Mutoto wako wa mwisho